Mtoto wa Kwenye Picha

Nilikuwa nachambua mchele. Mchele wa Igunga ni mtamu, lakini huja na changarawe zake, na meno yangu ya sasa si ya kubahatisha. Nilikaa kwenye kigoda uani, ungo magotini, jua la alasiri likinichoma kisogoni. Ndani mjukuu wangu alikuwa akilia, kama alivyolia jana na juzi, na binti yangu Zaituni alikuwa akimwimbia kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Zaituni ni mzazi wa mara ya kwanza. Amerudi kwetu kujifungua, atakaa mpaka atoke arobaini. Mtoto mwenyewe, wa kike, alikuwa hajafikisha siku saba na hajapewa jina. Baba yake, anayefanya kazi kwenye mashine ya mpunga huko Igunga, alisema tuchague sisi. Yeye atakuja siku ya akika na mbuzi.

Shabani, kitinda mimba wangu, akatoka ndani na simu yangu ikiita.

"Mama, Mjomba Hamisi."

"Weka spika. Mikono ina pumba."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeshabomoa?" Hamisi ndiye aliyebaki na nyumba ya baba yetu huko Kanyenye, mjini Tabora, na wiki ile alikuwa akiivunja upande wa mbele ajenge fremu za maduka.

"Tunaendelea. Sasa sikiliza. Fundi kagonga ukuta wa chumba cha Bibi, ukalia mtupu. Kumbe ndipo lilipokuwa lile shubaka lililozibwa. Ndani kuna kitu kimefungwa kwa kaniki."

Mkono wangu ukasimama juu ya ungo. "Usikifungue."

Hamisi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechelewa kuambiwa. "Kimeshafunguliwa. Vijana wameshairusha kwenye grupu la familia. Ni ile picha, dada."

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani wakati picha ile ilipokuwa imetundikwa sebuleni kwetu, juu ya mlango wa chumba cha Bibi Tausi, mama yake baba. Baba alikuwa fundi cherehani na barazani kwake hapakukosa mtu. Wateja waliongoja suruali zao waliingia sebuleni kunywa maji, na kila mtu, awe mgeni au mwenyeji, aliinua macho kuitazama. Ilikuwa picha ya kale, ya rangi ya chai, imegandishwa kwenye kadi nene iliyoliwa pembeni na mende. Mwanamume mwenye kanzu na kilemba amekaa kwenye kiti, viganja juu ya magoti. Mwanamke amesimama nyuma ya bega lake, amejifunga kaniki, shanga zimejaa shingoni. Nyuma yao pazia na nguzo, ambavyo ukisogea karibu unaona vimechorwa tu kwenye kitambaa. Wote wawili wanakutazama kama watu walioambiwa wasipumue.

Kati yao kulikuwa na mtoto wa kike. Gauni lake lilionekana vizuri, hata mshono wa ukosi ungeweza kuufuata. Mikono ilionekana. Uso haukuwepo. Mahali pa uso palikuwa na ukungu, kama mtu amepitisha kidole kwenye wino kabla haujakauka.

Tulikuwa tukipanda stuli ya baba, mimi na Hamisi, tuitazame kwa karibu. Ukisogeza macho mpaka pua iguse kioo, ulikuwa unaona jambo la pili. Chini ya kaniki ya yule mwanamke ilitokeza miguu yake miwili, na nyuma yake kidogo mguu wa tatu, mweusi, mwembamba, usio na vidole.

"Mguu wa nani ule, Bibi?"

"Wa mwenyewe. Shukeni."

Bibi hakupenda tuizoee. Alisema watu wale si wetu, ile ni amana. Baba mkwe wake alikuwa mpagazi, mmoja wa vijana wa Kinyamwezi waliobeba pembe kwa mabega kutoka Tabora hadi pwani na kurudi na vitambaa. Huko pwani mtu alimkabidhi picha ile aipeleke kwa ndugu zake Ujiji, akamtajia jina la wa kukabidhiwa na majina ya waliomo. Njiani akashikwa na homa. Alipopona, mzigo ulikuwepo, majina hayakuwepo. Alikwenda mpaka Ujiji akawa anaifungua mbele za watu: mnawajua hawa? Hakuna aliyewajua. Akarudi nayo Tabora, akafa nayo, ikabaki ukutani ikimngoja mwenyewe. Bibi aliipangusa vumbi kila Ijumaa, lakini jioni aliishushia kitambaa, maana alisema si adabu wageni kututazama tunakula.

Alikuwa na desturi nyingine. Jioni, baada ya swala ya magharibi, kabla hajafunua kawa juu ya sinia, alituita mmoja mmoja kwa jina, nasi tukaitika "Nipo." Hakuhesabu. Watu hawahesabiwi kama mbuzi, alisema. Anayehesabu watu hutaka kuwapunguza. Aliita majina ya waliokuwepo tu. Baba akiwa safarini, jina lake halikutajwa mpaka arudi.

Mwaka ule mama alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Saada, na Saada alikuwa mtoto wa kulia. Alilia akinyonya, akalia akiogeshwa. Baba alisema akiendelea hivyo wateja watadhani anamkata mtoto kwa mkasi. Mama alikonda. Ndipo Shangazi Mwasiti, dada yake baba, akashuka kwenye lori kutoka Puge na debe la karanga. Aliolewa huko, kwa wakulima wa pamba, na alikuwa amechukua desturi za wakwe zake ambazo sisi wa mjini tulizijua lakini tulizisemea pembeni.

"Huyu anakataa jina," akasema kabla hajavua viatu. "Kuna marehemu wetu amekuja naye, anataka atajwe."

"Ana chango, Mwasiti," baba akasema.

"Mmempa dawa ya chango?"

"Tumempa."

"Limeisha?"

Baba akarudi barazani kwenye cherehani yake.

Shangazi aliketi kizingitini kwa chumba cha mama, mtoto mapajani, bakuli la maji ya unga pembeni. Alichovya kidole, akataja jina la marehemu mmoja wa ukoo, akagusa midomo ya mtoto. "Kama ni wewe, pokea, mtoto atulie." Mtoto akalia. Akataja mwingine. Mtoto akalia zaidi. Majirani wawili watatu waliingia kusaidia kukumbuka wafu. Walikwenda kwa wajomba, wakaenda kwa wale waliofia njiani na mizigo, wakafika kwa watu ambao hata Bibi alisema si ndugu, walikuwa wapangaji. Saada aliwakataa wote.

Majina yakaisha. Shangazi akainua macho akapangusa jasho, na macho yake yakakutana na picha.

"Na huyu mdogo je? Huyu hajatajwa."

Bibi alikuwa akichambua choroko kwenye mkeka. Hakuinua kichwa. "Huyo si wetu."

"Mama, amekula moshi wa nyumba hii miaka yote, bado mgeni? Hata paka angeshakuwa mwenyeji."

Watu wakacheka. Mama naye, kwa uchovu wake, alicheka.

"Ni amana, Mwasiti. Jina lake hatulijui."

"Tutampa letu."

"Ukimwita usiyemjua, humchagui anayeitika."

Shangazi alikwisha kuchovya kidole. "Nyamizi," akasema, akiitazama picha. "Kama ni wewe, pokea, mtoto atulie."

Saada akanyamaza. Hakupunguza kidogo kidogo kama watoto wanavyopunguza. Alikata, kama redio iliyotolewa betri. Shangazi akapiga vigelegele, majirani wakamfuata, na baba akaja mlangoni na futi yake shingoni, anacheka asiamini. Bibi akakung'uta pumba mapajani, akanyanyuka, akaingia chumbani kwake kwa kupita chini ya ile picha.

Jioni ile aliita majina kama kawaida. Alipofika kwa mtoto alisema, "Saada."

"Nyamizi, Mama," Shangazi akamrekebisha.

"Saada," Bibi akarudia.

Shangazi alikuwa mtu wa utani. Akageuza shingo kuelekea sebuleni, akaita kwa nguvu, "Nyamizi!"

Tukangoja kucheka. Hamisi, ambaye wakati ule bado alikuwa akinyonya kidole, akatazama mlango wa Bibi. "Nani kasema nipo?" akauliza.

Mimi sikusikia kitu. Hamisi ameniuliza ukubwani zaidi ya mara moja, na jibu langu ni lile lile: sikusikia. Nilichoona ni Bibi akilirudisha kawa juu ya wali aliokuwa ameanza kuufunua.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa nyumba ya raha. Mama alilala usingizi wa mchana. Baba alishona bila kupoteza uzi. Majirani walikuja kumtazama mtoto mpole, wakamsifu Shangazi, naye akarudi Puge na sifa zake. Saada alilala macho wazi. Ukimlaza sebuleni alitazama juu, mlangoni pa Bibi. Hakulia alipolowa, hakulia nzi walipotua usoni kwake.

Alasiri moja nilipanda stuli peke yangu. Nasema nilichokiona kama nilivyokiona, na msomaji akumbuke kwamba nilikuwa mtoto na kwamba kioo kilikuwa na vumbi. Pale kwenye ukungu, katikati ya ukosi na nywele, palikuwa na pua. Ndogo, ya mtoto. Nilishuka nikaenda kumwambia Bibi. Nilitegemea anifukuze.

"Mtoto amenyonya leo?" akaniuliza.

Nikaenda kwa mama. Mama akasema mtoto amelala, nisimwamshe. Nilipomrudishia Bibi jibu alinyanyuka bila kutafuta fimbo yake. Aliweka kiganja kifuani kwa Saada, akakiondoa upesi kama aliyegusa pasi ya makaa. Baba alimchukua mama kwenye baiskeli mpaka hospitali. Mama alinisimulia baadaye, mara moja tu, kwamba muuguzi alimwuliza, "Amekuwa akilia?" Naye akajibu, bado na fahari kidogo, "Hapana. Ametulia wiki nzima." Muuguzi akamtazama.

Tulimzika kesho yake.

Bibi hakusema, "Si niliwaambia?" Aliomba kipande cha kaniki, akaishusha picha mwenyewe, akaifunga na uso umeelekezwa ndani. Shangazi, aliyekuja msibani, alitaka ichomwe moto. "Amana haichomwi," Bibi akasema. "Siku mwenyewe akija, atabomoa." Akaiweka kwenye shubaka la chumba chake, baba akaziba kwa matofali na udongo. Shangazi Mwasiti hakutania tena ndani ya nyumba ile.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa historia alituletea kitabu chenye picha za wakati wa misafara. Akatueleza kwamba kamera za zamani zilihitaji mtu akae tuli kwa muda mrefu, hata nyuma ya watu waliwekewa chuma chenye mguu, cha kushika shingo isitikisike. Aliyecheza, uso wake ulifutika. Basi nikajua mguu wa tatu ulikuwa wa nini, na nikajua kwamba mtoto yule hakuwa na laana yoyote. Alichoka kusimama akageuza kichwa, kama mtoto yeyote. Maelezo yale niliyaamini. Hayakuniondolea kitu. Kwa maana ukiyafikiria sawasawa, katika picha ile aliyekuwa hai kabisa ni yule aliyekataa kutulia.

Baadaye nilizaa wangu, nikafundishwa kliniki kwamba mtoto mchanga akinyamaza ghafla na akaacha kunyonya ni wa kukimbizwa. Jambo hilo Bibi alilijua, kwa njia yake. Saada alikuwa anaumwa tangu mwanzo, au aliugua katikati. Hakuna atakayejua, kwa sababu sauti ambayo ingetuambia tulikuwa tumeombea ikome, na ilipokoma tulipiga vigelegele. Hivi ndivyo ninavyojieleza mchana. Swali la Hamisi sijalipatia mahali pa kuliweka.

Sasa simu ilikuwa imekatika na Shabani alikuwa bado amesimama mbele yangu, kidole kikipandisha na kushusha.

"Mama, tazama mtoto wa Mjomba alivyoitengeneza."

Sikutaka, lakini aliniwekea machoni. Kijana wa Hamisi alikuwa ameipitisha ile picha kwenye programu ya simu inayosafisha picha mbovu. Kadi iliyoliwa na mende ilikuwa nzima. Kaniki ilikuwa na weusi wake. Ule mguu wa tatu ulikuwa umefutwa. Na mtoto wa kike alikuwa na uso. Macho, mashavu, midomo iliyofungwa, pua ndogo. Mashine ilikuwa imembunia vyote, ikampa na utulivu ambao siku ile ya kupigwa picha hakuwa nao.

Chini yake kijana ameandika: "Sasa ana uso. Bado jina tu."

Na ndugu walikuwa wakichangia. Majina yalishuka moja baada ya jingine pamoja na vile vikatuni vya kucheka. Mmoja ameandika kwamba litakalochaguliwa apewe na mtoto wa Zaituni, maana naye anatafutiwa jina. Na chini ya huyo binti mdogo wa Hamisi, aliyezaliwa miaka mingi baada ya shubaka kuzibwa, ambaye hajawahi kusimuliwa na mimi wala na baba yake, ameandika: "Nyamizi."

Nyamizi ni jina la kawaida. Ukiliita sokoni Tabora watageuka wanawake wengi. Nilijiambia hivyo. Kisha nikaona kwamba Zaituni ameweka moyo mwekundu kwenye jina lile.

Ndipo nikasikia kwamba sisikii kitu.

Nilinyanyuka na ungo ukamwagika. Shabani akasema, "Mama, mchele!" Nilikuwa nimeshaingia ndani. Chumbani Zaituni alikuwa amejilaza ubavu, simu mkononi, uso umelainika kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Mtoto alikuwa pembeni yake, macho wazi.

"Mama, amenyamaza! Nimemnong'oneza tu lile ji..."

"Usilitaje."

"Kha! Nimefanya nini?"

Nilimchukua mtoto nikamwekea shavu langu kwenye paji. Hakuwa wa moto, au sikuweza kujua, maana mwenyewe nilikuwa nawaka. Nikamfinya unyayo. Alinitazama. Nikamfinya tena. Alinitazama tu, kwa yale macho yasiyouliza kitu. Mara ya tatu nilimpiga kisigino kwa kucha, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtoto mchanga. Uso ukajikunja, mdomo ukafunguka bila sauti, ukabaki hivyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza. Kisha akalia.

"Mama! Ndiyo kwanza amepumzika!" Zaituni alikuwa akilia naye.

"Mwache alie. Vaa tuondoke."

Jirani yetu ana bajaji. Kwenye zahanati muuguzi alimpima mtoto joto, akamtazama kitovu, akataka amwone akinyonya. Alinyonya. Hakuwa na homa. Muuguzi akasema tukiona amekataa ziwa au amelegea, turudi saa yoyote. Kisha akauliza, kwa kalamu mkononi, "Analia?"

"Sana," nikasema.

"Basi mshukuruni."

Zaituni alinitazama, hakujua kwa nini nimegeukia ukutani.

Tukiwa njiani kurudi nilimpigia Hamisi nimwambie airudishe picha kwenye kaniki na shubaka lijengewe ndani ya ukuta wa fremu, mpangaji asijue. Akaniacha nimalize.

"Fundi ameshapandisha matofali, dada. Sikungoja uniambie."

"Na ile ya kwenye simu?"

"Nimemwambia kijana aifute. Anasema ameifuta kwake, lakini kwa watu imeshafika." Nami sijui mpaka leo ile ya kwenye simu za watu itafungwa kwa kaniki gani.

Shabani alikuwa ameuokota mchele na kuupika, changarawe na yote. Baba yao alirudi kutoka karakana yake ya useremala, akanawa, akaswali, akakaa mkekani. Niliziomba simu zote. Nikaziweka kwenye kapu, nikalifunika kwa kanga. Hakuna aliyebisha, nadhani uso wangu ulitosha. Kisha nikashika kawa juu ya sinia, nisilifunue.

"Baba Zaituni."

"Nini?"

"Itika."

Akanitazama, akatazama watoto. "Nipo."

"Shabani."

"Mama, si unaniona?"

"Shabani."

"Nipo."

"Zaituni."

"Nipo," akasema taratibu, mtoto begani.

Nikabaki na mmoja asiye na jina. Siku saba zilikuwa hazijatimia, na mkwe wangu alikuwa bado hajafika na mbuzi wake, lakini sikuwa tayari usiku uingie nyumbani kwangu na mahali palipo wazi namna ile. Nilichagua jina la Bibi, mtu wetu, ambaye ninajua kaburi lake liko wapi na ninajua angeitikaje.

"Tausi," nikasema.

Mtoto akaangua kilio, kikali, cha kukera, mpaka baba yao akaziba sikio moja.

"Yupo," nikasema, nikafunua wali, nikapakua. Tulikula tukipishana na changarawe, naye akaendelea kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.